Fangasi za mikunjo zimenikalia kila masika, wananiambia nipungue mwili kwanza

Habari za kazi dokta,

Mi ni mama wa miaka 41, mkulima wa mpunga huku bonde la Kilombero, nje kidogo ya Ifakara. Baba watoto na mimi tuna heka nne, na msimu ukiwa mzuri naingia pia kibarua cha kupandikiza kwenye mashamba ya watu. Naomba unisomee mpaka mwisho maana hii kitu nimeificha sana, hata dada yangu wa damu hajui yote.

Nina fangasi. Zilianzia miguuni, kidole cha mwisho na mwenzake, ngozi inakuwa nyeupe imelowana inabanduka inanuka, nikajua tu ndo maji ya jaruba maana huku kila mtu anazo. Alafu zikaja kinenani, alafu chini ya matiti, alafu kwenye ule mkunjo wa tumbo la chini kwa sababu nilivyojifungua mtoto wa mwisho tumbo halikurudi. Sasa hivi tupo kwenye palizi, nashinda ndani ya maji toka asubuhi, ndani nimevaa skintaiti ya nailoni maana mapaja yanasuguana mpaka yanachubuka, juu khanga, miguuni gambuti kwa kuogopa ruba. Nikitoka jioni pale chini ya titi pamekuwa pabichi, panauma na panawasha, usiku najikuna mpaka shuka linabaki na vidoa vya damu. Na harufu, hiyo ndo inanimaliza. Baba watoto hajasema neno ila siku hizi analala amegeukia ukutani na mi nimeelewa.

Kijana wa duka la dawa alinipa krimu ya tyubu akasema hii ndo kiboko, inatibu kila kitu cha ngozi, na kweli baada ya siku chache muwasho ulikata nikamshukuru Mungu. Nikaacha, ikarudi. Nikanunua tena, ikarudi kubwa zaidi, na ndo mchezo huo tangu msimu uliopita. Sasa kinenani ngozi imekuwa nyembamba inang'aa, na imetoka michirizi ambayo sikuwa nayo hata nikiwa na mimba. Nilivyomlalamikia akanipa na vidonge vya griseofulvin vya wiki moja, sikuona tofauti. Jirani ananiambia nipake maji ya betri, yeye alipaka mashilingi yake yakakauka. Bado sijapaka, nimeogopa.

Nikaenda kujieleza kwenye zahanati. Aliyenipokea akaniangalia juu mpaka chini akasema kwa sauti, mama wewe punguza mwili kwanza, hayo manyama ndo yanazifuga, ukipungua zitaondoka zenyewe. Watu kwenye benchi wakacheka. Nikaondoka bila dawa na sijarudi tena. Nina kilo 96, nilijipima kwenye mizani ya magunia pale mashineni wakati watu hawapo, na urefu ni sentimita 158 kwa kadi yangu ya kliniki.

Sasa nauliza, kweli unene ndo unaleta? Mbona baba watoto ni mwembamba na yeye anazo vidoleni? Na mtu anayelima toka alfajiri ananenepaje, mi sikai dokta, nalima. Mtoto wangu wa miaka saba katoka mapunye kichwani, na ndama wetu naye ana madoa ya ukoko usoni, ina maana nimewaambukiza mimi? Gambuti niziache? Na kingine, shingo yangu kwa nyuma imekuwa nyeusi sana, nasugua na dodoki haitoki, wenzangu wananisema sijui kuoga.

Mama wa jarubani, Kilombero

* * *

Mama, pole sana. Na umefanya vizuri kuandika yote, hasa hiyo michirizi ya kinenani na hiyo shingo, maana hivyo viwili vimeniambia mambo ambayo muwasho peke yake usingeniambia.

Nianze na huyo wa zahanati kwa sababu naona ndo aliyekuumiza zaidi ya fangasi. Kukusema mbele za watu ni kosa, na kukurudisha nyumbani bila dawa ni kosa kubwa zaidi. Uzito unachangia, hilo sikudanganyi, ila kilo zinachukua miezi mingi kuondoka wakati fangasi za namna hii zikipata dawa sahihi zinaisha ndani ya wiki mbili mpaka nne, sasa kwa nini mtu aambiwe asubiri kupungua huku anajikuna mpaka damu? Ngozi inatibiwa sasa hivi. Sukari inapimwa wiki hii hii. Uzito tunauanza taratibu na utakuja kusaidia zisirudi, ila hauzuii mtu kupewa dawa.

Uzito unaingiaje sasa. Vimelea vya fangasi vipo tu, kwenye udongo, kwa wanyama, kwenye ngozi zetu wenyewe, na ngozi ikiwa kavu na nzima mara nyingi vinashindwa kushika. Mwili ukiwa mkubwa kunakuwa na sehemu ngozi imelalia ngozi, chini ya titi, chini ya tumbo, kinenani, huko hewa haipiti na jasho halikauki, alafu ukitembea panasuguana mpaka ngozi ya juu inatoka. Joto lipo, unyevu upo, mchubuko upo. Juu ya hapo mwili mkubwa ukifanya kazi unapata joto haraka kwa hiyo unatoa jasho jingi, na mtu mwenye tumbo kuinama mpaka akafuta katikati ya vidole vya miguu ni shughuli, wengi wanaacha pakauke penyewe na hapakauki. Yote hayo ni kweli kabisa.

Ila ukisema unene peke yake ndo unaleta, mumeo anakukatalia hapohapo, na wapo wengine wengi. Kwenye vita ya Vietnam, mwaka 1968 na 1969, wanajeshi wa Marekani waliokuwa delta ya Mekong walikuwa vijana wadogo wenye mazoezi, wala hawakuwa na vitambi, lakini kushinda kwenye majaruba ya mpunga na buti zilizolowa kuliwaangusha kwa fangasi na magonjwa mengine ya ngozi ya miguu na kinena mpaka wakuu wao wakalazimika kupanga muda wa kuwatoa kwenye maji wakakauke. Maji na buti vilitosha. Wewe una hayo maji, una mikunjo, na una nailoni iliyobana juu yake, umezungukwa mama, wala siyo kwamba hujui kuoga.

Sasa hiyo krimu. Sijaiona lakini kwa inavyofanya kazi, kuzima muwasho haraka alafu kurudi kubwa, na kuacha ngozi nyembamba yenye michirizi, nina uhakika karibu wote kwamba ina steroidi. Chukua boksi lake usome yale maandishi madogo. Ukikuta betamethasone, au clobetasol, au dexamethasone, hata kama wameandika na clotrimazole na neomycin pembeni, ndo hiyo. Steroidi inazima muwasho kwa kuituliza kinga ya ngozi, na kinga hiyo ndo ilikuwa inapambana na fangasi, kwa hiyo wewe unasikia nafuu na chini kwa chini zenyewe zinatambaa. Ukiacha zinalipuka. Ukirudia ngozi inaendelea kukonda, na kwenye mikunjo ni mbaya zaidi kwa sababu huko dawa inaingia mwilini kwa wingi kuliko mkononi au mgongoni. Michirizi hiyo itafifia rangi kadiri muda unavyokwenda lakini haitafutika, nakwambia ukweli ili usije ukanunua mafuta ya mtu anayekuahidi kuifuta.

Hili la krimu za mchanganyiko linaniuma sana kwa sababu naliona kila wiki, mtu anakuja amepaka msimu mzima. India wameteseka nalo, huko zinauzwa kama pipi, na huko huko kumeibuka fangasi sugu ambayo mwaka 2020 ilipewa jina lake, Trichophyton indotineae, nyingi kati yake hazisikii hata terbinafine ambayo ni dawa tunayoitegemea mno. Huku kwetu tunanunua vilevile, bila cheti, bila kuulizwa swali.

Kwa hiyo hiyo tyubu acha, lakini ujiandae, siku za mwanzo unaweza kuwashwa kuliko sasa. Ni kawaida ya steroidi ikiachwa baada ya kutumika muda mrefu. Usikimbilie dukani tena kuichukua. Na kwa vile umeipaka msimu na zaidi, nataka uonwe na daktari, siyo muuzaji, ikiwezekana mwenye mafunzo ya ngozi. Kwenye hospitali za mikoa na za rufaa ulizia matabibu wa ngozi, wengi wao wamesomea pale KCMC Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na kazi yao hasa ni kuhudumia watu kama wewe waliopo mbali na miji mikubwa.

Kuhusu vidonge, griseofulvin inaua zile fangasi za jamii ya mashilingi, na hata hizo kwa wiki moja haimalizi. Chini ya titi na chini ya tumbo mara nyingi ni jamii nyingine, Candida, ndugu wa ile ya ukeni, na griseofulvin haiigusi kabisa. Kwa macho zinatofautiana: ya mashilingi ina kingo zilizonyanyuka zenye magamba na katikati panaonekana kama pamepona, ya Candida pote panakuwa pabichi na pembeni vinatawanyika vipele vidogo vyenye usaha. Kwa maelezo yako naona unazo zote, miguuni na kinenani ile ya kwanza na huko juu Candida. Ila sijakuona, na ngozi ikishapakwa steroidi ule mwonekano wake unaharibika hata daktari anaweza akapotea, ndo maana kuna kipimo cha kukwangua magamba kidogo na kuyaangalia kwa hadubini. Hakiumi. Uliza kama kinafanyika hapo utakapokwenda. Na zile picha za kwenye simu zinazoonyesha wekundu mkali usizifuate, hizo ni ngozi nyeupe, kwetu inaonekana kahawia, zambarau, au nyeusi tu.

Wakati unapanga safari ya kumuona daktari unaweza kuanza na krimu ya clotrimazole peke yake au miconazole peke yake. Neno la kushika dukani ni hilo, peke yake, na usome tyubu kabla hujatoa hela. Hizi zinafanya kazi kwa jamii zote mbili za fangasi. Oga kwa sabuni ya kawaida isiyo na ukali, jifute kwa kugandamiza taulo badala ya kusugua, alafu, hapa ndo watu wengi wanakosea, subiri pakauke kabisa. Nyanyua titi kwa mkono jipepee na kipepeo hata dakika chache, lala chali unyooshe ule mkunjo wa tumbo upate hewa. Ndo upake, safu nyembamba, asubuhi na jioni, na uvuke kingo za palipoathirika kama upana wa vidole viwili maana fangasi inakuwa imeshafika mbele ya pale unapoiona. Muwasho utakata mapema sana. Usiache. Endelea wiki moja zaidi baada ya ngozi kuonekana safi, kinenani na vidoleni inaweza kufika wiki nne jumla. Ukifika wiki mbili huoni hata dalili ya nafuu, acha kubahatisha, nenda, kwa sababu kuna magonjwa mengine ya mikunjo yanayofanana, mengine ni bakteria na hayasikii dawa ya fangasi, na dawa za kupulizia magugu zikikugusa nazo zinaleta ngozi inayowasha vilevile.

Itakapopona patabaki weusi. Utakaa miezi. Weusi huo siyo fangasi, ni rangi iliyoachwa na kidonda, usiendelee kupaka dawa kwa ajili yake na nakuomba sana usiguse krimu za kung'arisha, nyingi zina steroidi hiyo hiyo tunayoikimbia.

Maji ya betri ni asidi mama. Yanaunguza ngozi yenyewe, na huko kinenani na chini ya titi ambako tayari ni pabichi utapata kidonda cha moto. Jirani yako ana bahati yalimkauka, wengine wameishia na makovu ya maisha. Vivyo hivyo unga wa aina yoyote, usipake unga kwenye mkunjo, ukilowana na jasho unakuwa tope.

Sasa shingo. Haina uchafu. Dodoki liweke pembeni, kusugua kunaongeza weusi. Ngozi ya nyuma ya shingo, na mara nyingi kwapani, ikiwa nyeusi imenenepa kidogo na ukipitisha kidole ni laini ina mistari mistari, kwa mtu mwenye uzito mkubwa mara nyingi inamaanisha insulini yake, ile homoni ya kushusha sukari ya damu, imeanza kukosa nguvu na mwili unatengeneza nyingi zaidi kufidia. Haina maana una kisukari tayari, ina maana lazima upimwe, na ukijumlisha na fangasi zinazorudi kila mara mi ningekuwa jirani yako ningekusindikiza mwenyewe kesho asubuhi. Sukari ikiwa juu Candida inanawiri na kinga inalegea, unaweza ukapaka dawa nzuri kuliko zote na bado zikarudi. Nenda asubuhi hujala kitu wala chai tangu jana usiku, maji matupu hayana shida. Ikisoma 7.0 (mmol/L) au zaidi hicho ni kiwango cha kisukari na watarudia kuhakikisha, kati ya 6.1 na 6.9 imeshaanza kupanda, chini ya hapo tunashukuru na unarudia kupima mwakani. Na jiangalie, unapata kiu sana? Unaamka usiku kukojoa zaidi ya zamani? Ganzi ya nyayo? Fangasi za ukeni zinazojirudia? Mwambie daktari yote. Omba wakupime na VVU hapohapo, siyo kwamba nakushuku, ni kipimo ambacho mtu yeyote mwenye fangasi zisizoisha anatakiwa kukifanya ili tusiache kitu nyuma.

Ikitokea sukari ipo juu, ile mipasuko ya vidoleni inakuwa jambo zito. Hapo ndo bakteria wanapitia. Mguu ukivimba, ukawa wa moto, unauma na homa juu, hiyo haisubiri gulio wala kumaliza palizi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Gambuti usiziache. Kwenye maji hayo kuna ruba na kuna kichocho, ukienda pekupeku utaokoa vidole upate ugonjwa mwingine. Ila gambuti iliyoingia maji ndani haina faida yoyote, unakuwa umefunga mguu na maji humo mchana kutwa. Ukipata nafasi ya kula mchana, panda tutani, zivue uzigeuze chini juu, jifute vidole na kitambaa kikavu, soksi badilisha kama zimelowa, za pamba siyo za nailoni. Usiku ziache wazi sehemu yenye hewa, ukizisokomeza magazeti ndani yanavuta unyevu. Ile skintaiti wazo lake ni zuri, inazuia mapaja kusuguana, tatizo ni nailoni. Tafuta ya pamba, isibane kinena, uwe nazo mbili au tatu. Beba nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji uzifunge vizuri, ukitoka jarubani oga au jimwagie, jifute, vaa kavu hapohapo kabla ya kuanza safari ya nyumbani, kile kipande cha njia na nguo zilizolowa ndo kinachokumaliza. Chini ya titi na kwenye mkunjo wa tumbo weka kitambaa safi cha khanga ya zamani iliyolainika, kikilowa badilisha. Sidiria iwe ya pamba na usiku usilale nayo. Nguo za ndani zifue kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi. Na ukivaa asubuhi anza na soksi ndo uvae chupi, ukianza na chupi unaipitisha kwenye miguu yenye fangasi na kuzipandisha mwenyewe mpaka kinenani.

Umeuliza mkulima ananenepaje na nakuelewa, kwa sababu ukiangalia mikono yako na mgongo unavyouma unaona hesabu haiji. Lakini kazi nzito ni ya misimu. Kuna kupandikiza, kuna palizi, kuna kuamia ndege ambako unakaa, kuna kuvuna, baada ya hapo miezi kazi inapungua na sahani inabaki ile ile. Siku hizi kutifua wengi wanafanya na powertila, shambani wanakwenda na bodaboda. Na kwenu chakula kilichopo ndani ni mchele, asubuhi chai yenye sukari na vitumbua, mchana wali, usiku wali, katikati soda ya kujipoza, na soda moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Kuna na uzazi, kuna na sindano ya uzazi ya miezi mitatu ambayo kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito, kama unaitumia usiiache kimya kimya, ongea na nesi kuhusu njia nyingine.

Kwa kilo 96 na sentimita 158, BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni kama 38, na kuanzia 30 tunahesabu ni unene uliopitiliza. Nakupa namba kwa sababu tunataka pa kuanzia. Sikuambii urudi kilo za usichana wako. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari ilikuwa imeanza kupanda, majibu yakatoka mwaka 2002, waliowekwa kwenye kundi la kubadilisha chakula na kufanya mazoezi wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ni kilo kama 6 na nusu hivi. Kutoka 96 kwenda 89 na nusu, na hata mikunjo itaanza kupata nafasi ya hewa.

Mi ningeanzia kwenye vya kunywa, soda iondoke na sukari ya chai ipungue nusu alafu nusu tena, hapo hujagusa hata chakula. Alafu sahani, nusu yake iwe mboga, matembele, majani ya maboga, mlenda, mnavyo hapo hapo kwenye tuta, kipande kingine maharage au perege au dagaa, na wali uchukue sehemu iliyobaki. Mafuta yapimwe kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Usijinyime kula siku za palizi, utaanguka jarubani, na dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp ziache kabisa hatujui ndani wameweka nini. Baada ya mavuno wakati wenzako wamepumzika, wewe shamba liendee kwa miguu bodaboda ipumzike. Jipime mara moja kwa mwezi, hiyo mizani ya magunia inatosha, ila siyo lazima uende kwa kujificha.

Mtoto na ndama. Hapana, hujamwambukiza mtoto hiyo Candida ya mikunjo, haiambukizi kirahisi hivyo. Mapunye ya kichwani yanatoka kwa watoto wenzake, mashine ya kunyolea, kofia, na mengine yanatoka kwa ng'ombe. Madoa ya ndama, yale ya duara yenye ukoko wa kijivu usoni na shingoni, mara nyingi ni fangasi pia, na hiyo inaruka kwa watu wanaomshika. Mtoto asimkumbatie ndama kwa sasa, anayemhudumia anawe mikono na sabuni, na afisa mifugo amuangalie. Kwa mtoto krimu haitoshi kwa sababu fangasi imeingia kwenye nywele, anahitaji vidonge vinavyopimwa kwa uzito wake kwa wiki kadhaa, huko ndo griseofulvin ina kazi, usimkatie vile vyako vilivyobaki. Mkienda hospitali mwende wote siku moja. Na kama kuna mtu yeyote hapo nyumbani ana baka lililopauka lisilowasha, na ukiligusa na ncha ya kijiti halisikii, huyo asipake chochote, apelekwe akaangaliwe ukoma, ambao una dawa na inatolewa bure.

Siku ya kwenda beba tyubu zote ulizotumia na maboksi ya vidonge, usione aibu, daktari akiona anajua aanzie wapi. Ukifika mapokezi sema nina tatizo la ngozi sehemu za ndani naomba nionwe faragha na naomba mhudumu wa kike, una haki ya kuomba hivyo, na mtu akianza kukusema kuhusu mwili kabla hajakuangalia mwambie kwa utulivu, nimekuja kutibiwa ngozi na kupimwa sukari.

Baba watoto mwambie. Kugeukia ukutani huenda ni kwa sababu hajui aseme nini, na yeye vidole vyake vinahitaji krimu hiyo hiyo, asubuhi na jioni, aanze siku moja na wewe, kila mtu na taulo lake, maana ukipona peke yako na yeye anazo, msimu ujao anakurudishia.